Vichochoroni mwa Bruxelles

Mgeni afikaye Bruxelles hupelekwa kwanza kwenye Uwanja Mkuu, ambako nyumba zenye nakshi za dhahabu humeremeta pande zote. Kisha huonyeshwa Manneken-Pis, naye hushangaa kuona sanamu yenye sifa kubwa namna ile ikiwa ndogo kama mtoto mchanga. Mwishowe hununua sanduku la chokoleti katika duka kubwa, akarudi zake. Sisi nasi tulifanya vivyo hivyo siku ya kwanza. Siku ya pili mvua ilitukimbiza tukaingia kichochoroni, na hapo ndipo tulipoanza kuuona mji.

Kichochoro hicho chaitwa Impasse Sainte-Pétronille, nacho ni chembamba mno. Ndani yake imo nyumba ya Toone, yenye kilabu cha pombe pamoja na ukumbi wa vinyago vya mbao vichezeshwavyo kwa waya. Mchezo huo ulianza mnamo mwaka 1830 katika mtaa wa maskini uitwao Marolles. Kila mkuu wake hurithi jina la Toone, kama warithivyo watemi, nao wamekwisha kufuatana hata wa nane.

Huko Marolles kuna soko la vitu vikuukuu, liliopo kila asubuhi katika uwanja wa Jeu de Balle tangu mwaka 1873, na kuuzunguka uwanja huo mna vijiduka vingi. Tuliingia katika kimoja, tukashika taa ya shaba, tukauliza bei. Bibi mwenye duka alitutazama, asijibu neno. Hatimaye akasema taratibu, «Bonjour.» Tuliona haya! Ni nani kwetu aingiaye uani mwa mtu pasipo kubisha hodi? Tukaiweka taa, tukarudi mlangoni, tukamwamkia. Yule bibi akacheka sana, akatueleza habari za taa ile, halafu akatupunguzia bei bila ya sisi kuomba. Katika duka kubwa kosa letu lisingalionekana, maana huko hakuna mwenyeji wa kukosewa.

Lakini nyumba iliyotushika zaidi ni ile ya Cantillon, katika Anderlecht, ambayo ukoo mmoja umeshughulika na pombe ndani yake tangu mwaka 1900. Pombe hiyo yaitwa lambic, nayo yatengenezwa kwa shayiri na ngano, wala haitiwi hamira. Ikiisha kuchemshwa, hupandishwa darini na kumiminwa katika chombo cha shaba, kipana kama chumba, kisicho na kina. Hulala humo usiku kucha, na hewa ya baridi ipitayo huleta chachu yenyewe. Kisha hukaa mapipani hata miaka mitatu. Pombe ya miaka mbalimbali ikichanganywa ndiyo gueuze. Utando wa buibui hauondolewi mle, kwa kuwa buibui hula wadudu waharibuo pombe. Wanywaji wa kasiksi wataielewa kazi hii, ila ladha yenyewe itawakunja uso: ni kali kama ndimu.

Kazi hiyo yataka usiku wa baridi, na siku hizi baridi yachelewa. Mnamo mwaka 2015 joto la majira ya kupukutika majani lilizidi, hata ikawapasa kusimamisha upishi kwa muda. Duka kubwa lingenunua hamira, wao wakangoja.

Jioni tulipita chini ya tao la Cinquantenaire, lililomalizika mwaka 1905, ambalo mfalme Léopold II alilijenga kwa fedha zilizotoka Kongo. Hatukukaa hapo. Tulikwenda Ixelles, katika mtaa uitwao Matonge kwa jina la ule wa Kinshasa. Wanafunzi wa Kongo walianza kukutana hapo miaka ya 1960, kisha wakaja wauzaji wa vitenge, wasusi, na wenye nganda. Mama mmoja alituuzia kwanga na samaki wakavu. Tulianza kwa kumsalimu, tukiwa tumekwisha kufundishwa. Akatuambia kwamba kodi ya chumba chake inapanda kila mwaka, na kwamba jirani zake wawili wamekwisha kufunga. Alipotufungia kwanga aliongeza ndizi mbili juu, akakataa kuzipokelea fedha, akatuuliza tutarudi lini.