AFYA YAKO: Mtoto Asiyeona Aanze Kujitegemea Nyumbani

Huenda kijijini kwako yupo mtoto asiyeona. Labda ni wa jirani, labda ni wako mwenyewe. Mama humlisha, dada humvika nguo, kaka humshika mkono kwenda chooni. Wote wanampenda. Lakini anafikisha miaka kumi bila kujua kufunga kifungo cha shati, na siku anapopelekwa shuleni mwalimu inambidi aanze na kijiko na ndoo ya maji kabla ya kufika kwenye herufi. Macho ya mtoto huyu ndiyo mabovu. Mikono, miguu, masikio na akili ni vizima, ila havikupewa kazi.

Kwanza nenda hospitali. Ukiona mboni ya mtoto mchanga ina weupe, au hafuati uso wako kwa macho, usingoje akue. Weupe huo unaweza kuwa mtoto wa jicho, ambao huondolewa kwa upasuaji, na ukichelewa jicho halitajifunza kuona tena. Unaweza pia kuwa saratani ya jicho, ambayo huua. Usimtie maji ya majani wala dawa ya jirani. Mtoto mwenye ualbino naye apimwe, kwa sababu wengi wao wana uoni hafifu, na huenda miwani na kukaa mbele darasani vikamsaidia sana.

Tuseme umeambiwa kwamba hataona. Hapo ndipo kazi yako wewe mzazi inapoanza. Mtoto anayeona hutambaa kwa sababu ameona kitu anachokitaka. Asiyeona hana cha kumvuta, basi hukaa alipowekwa. Mvute kwa sauti. Tia kokoto ndani ya kopo, lichezeshe hatua mbili mbele yake, umwite aje alichukue. Usimpelekee. Kabla ya kumshika, taja jina lake, maana kushikwa ghafla kunamtisha kama wewe unavyotishwa gizani.

Ndani ya nyumba, kila kitu kiwe na mahali pake: mtungi, viatu, sahani, ufunguo. Akikosa kikombe kwa sababu mtu amekihamisha, kosa si la mtoto. Mfundishe kumimina maji akisikiliza sauti inavyobadilika chombo kinapokaribia kujaa. Hata jikoni aingie. Ataungua kidogo siku moja, kama tulivyoungua sisi sote. Aanze mafiga yakiwa baridi, ayapapase na kujua yalivyokaa. Moto ukiwashwa, akaribie polepole kwa mgongo wa kiganja ili asikie joto lilipo, na kanga iwe imefungwa vizuri.

Huku kwetu Usambara ardhi haina tambarare. Njia zinapanda na kushuka, kuna matuta, na pengine kuna korongo kando ya njia. Wazazi wengi wa Mlalo au Bumbuli hapo ndipo wanapokata tamaa, wakasema mtoto akae ndani. Lakini mlima una alama nyingi kwa anayejua kuzisoma: mteremko chini ya nyayo, mlio wa kijito, harufu ya zizi, baridi ya kivuli cha miti. Tembea naye njia moja mara nyingi, mkizitaja alama hizo kwa mpangilio, mpaka aziseme yeye. Mnapotembea pamoja usimsukume mbele yako. Akushike juu kidogo ya kiwiko, awe nyuma nusu hatua, ili mwili wako umwambie kuwa mnapanda au mnashuka. Kisha mpe fimbo nyeupe, nyepesi, inayofika kifuani. Mguu wa kushoto ukienda mbele, ncha ya fimbo iguse upande wa kulia, ambako mguu ule mwingine utakanyaga, halafu abadilishe. Korongo lililo karibu na nyumba liwekewe uzio.

Shule zipo. Ile ya Buigiri, Dodoma, ilianza mwaka 1950. Hapa kwetu Lushoto, Kanisa la Kilutheri lilianzisha shule ya msingi ya bweni ya wasioona pale Irente mwaka 1963. Watoto husoma kwa nukta nundu, maandishi yaliyobuniwa na Mfaransa Louis Braille, ambaye mwenyewe alipofuka akiwa mtoto baada ya kujichoma jicho katika karakana ya baba yake. Herufi zote hutokana na nukta sita. Mwanafunzi huchoma karatasi nene kwa kalamu ya ncha kali kuanzia kulia kwenda kushoto, kisha huigeuza na kuisoma kwa vidole kutoka kushoto. Vidole vilivyozoea kuchambua maharage na kusuka kamba hujifunza nukta hizo upesi kuliko vidole vilivyokaa bure. Ndiyo maana nilianza na jikoni.

Usimfiche mtoto wakati wa kuandikisha. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa haki ya elimu sawa na ndugu zake. Mpeleke kwa mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu, au kwa ofisa mtendaji wa kijiji, uulizie nafasi.

Likizo nazo zinaweza kuharibu kazi yote. Mtoto anarudi nyumbani akijua kufua, kutandika na kukunja kila noti ya fedha kwa namna yake ili aitambue, halafu nyumbani anakalishwa kama mgeni. Mpe zamu yake ya kazi. Mtume dukani, ahesabu chenji mwenyewe. Shambani, vuta kamba kwenye tuta aifuate akipanda maharage. Lakini siku ile ile anapofika, kabla hajatua mzigo wake, mzungushe uani umwonyeshe kilichohamishwa tangu alipoondoka: banda jipya la mbuzi, kamba ya kuanikia nguo, na shimo la taka mlilochimba.