Udhihirikaji wa Protini katika Saratani ya Utumbo Mpana: Suala la Dhana na Istilahi

Katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi masomo ya udaktari hutolewa kwa Kifaransa, ilhali wagonjwa wengi wa mji huo hujieleza kwa Kiswahili. Daktari asomaye ripoti ya maabara hukutana na neno "expression" likihusishwa na protini, kisha hana budi kulifafanua mbele ya mtu anayeuliza iwapo kansere yake, kama saratani iitwavyo huko, imekwisha kuenea. Makala haya yanachunguza dhana iliyo nyuma ya neno hilo.

Utando wa ndani wa utumbo mpana hujifanya upya kila baada ya siku 4 au 5 hivi. Seli huzaliwa chini katika vishimo vidogo, hupanda juu, hufa na kubanduka. Miongoni mwa protini zinazosimamia mwendo huo ni beta-katenini, ambayo kwa kawaida hukaa ukingoni mwa seli ikisaidia kuiunganisha na jirani zake. Inayozidi huteketezwa kwa msaada wa protini ya APC, ambayo jeni yake ilitambuliwa mwaka 1991. Katika saratani nyingi za utumbo mpana APC huharibika mapema sana, wakati pana kinyama kidogo tu kisicho na maumivu. Hapo beta-katenini hurundikana, huingia katika kiini cha seli na kuamsha jeni za kuzaana. Toka kinyama hicho hadi saratani huweza kupita miaka 10 au zaidi. Ndiyo maana kukiondoa mapema huzuia ugonjwa.

Protini ya p53 ina utata zaidi. Kazi yake ni kuisimamisha seli yenye jeni zilizoharibika, au kuifanya ife. Katika seli nzima haionekani sana, kwa kuwa huvunjwa upesi. Jeni yake ikiharibika, mara nyingi protini yenye kasoro haivunjiki tena, bali hujaa katika kiini. Kipande cha nyama kikitiwa kingamwili zenye rangi, viini hukolea kahawia. Mwanafunzi hudhani mlinzi ameongezeka, kumbe kilichobaki ni sanamu yake. Katika saratani nyingine kasoro huifuta protini kabisa, rangi isionekane hata kidogo.

Kwa hiyo "usemi wa protini" ni tafsiri ya neno, si ya dhana. "Uzalishaji" unakaribia, lakini p53 hujaa kwa kutovunjwa, wala si lazima iwe imezalishwa zaidi. "Udhihirikaji" unafaa kuliko yote mawili, kwani unabeba kiasi cha protini na pia mahali inapoonekana.

Kwa mgonjwa, hata hivyo, istilahi hiyo nayo ni nzito. Yatosha aambiwe kwamba protini fulani imejaa mahali isipostahili, kisha ajibiwe alilouliza: rangi hiyo peke yake haionyeshi kama kansere imeenea. Hilo hutazamwa katika tezi za limfu, katika ini na katika viungo vingine.