Baada ya upasuaji wa ubongo, usiende kliniki peke yako

UKIMWULIZA mtu aliyefanyiwa upasuaji wa ubongo anaendeleaje, aghalabu atakujibu kwamba yuko sawa. Jibu hilo halitoshi, na si kwamba anadanganya. Kiungo anachotumia kujipima ndicho hicho kilichougua.

Nakumbuka mzee mmoja aliyekuja kwangu wiki tano baada ya kupasuliwa. Alikuwa amejigonga kichwa akishuka kwenye matatu, akalisahau jambo hilo, na baada ya mwezi hivi akaanza kuumwa na kichwa na kuburuta mguu. Kumbe damu ilikuwa ikivuja polepole kati ya fuvu na ubongo. Maradhi haya huwapata sana wazee, kwa sababu ubongo husinyaa kidogo umri unaposonga, na vishipa vinavyouunganisha na utando wake huvutika na kukatika upesi. Madaktari walimtoboa matundu mawili kwenye fuvu, damu ikatolewa, akarudi nyumbani akitembea.

Siku ya kliniki aliniambia, "Daktari, mimi niko sawa kabisa. Nimekuja kwa sababu ya tarehe tu." Mkewe, aliyeketi karibu na mlango, alingoja amalize, kisha akasema kwamba mzee siku hizi humwaga chai, na kwamba Jumapili alivaa kiatu kimoja akataka kwenda kanisani. Nilimwomba mzee anyooshe mikono yote miwili mbele, viganja vikiangalia juu, na afumbe macho. Mkono wa kulia ukaanza kushuka na kugeuka, naye hana habari. Alipigwa picha ya skani siku iyo hiyo. Damu ilikuwa imerudi, ikabidi apasuliwe tena.

Hilo si jambo la ajabu. Kati ya wagonjwa 100 wa aina hiyo, kama 10 hadi 20 hurudiwa na damu, wengi wao katika miezi mitatu ya kwanza. Ndiyo maana hupewa tarehe hata kama unajihisi mzima. Najua nauli ni ghali, na wako wanaopiga foleni tangu alfajiri ili waonwe kwa dakika kumi. Lakini dakika hizo zinaweza kufanya kazi kubwa ukifika umejiandaa.

Nenda na mtu mnayeishi nyumba moja, wala si mpwa aliyechaguliwa asubuhi hiyo kwa kuwa ana gari. Huyo ndiye atakayesema kama unalala kupita kiasi, kama umekuwa mwepesi wa hasira, au kama ulitetemeka usiku. Beba barua uliyopewa ulipotoka hospitalini, picha zako, na dawa zenyewe. Mgonjwa akiniambia anameza "ile nyeupe ndogo" huwa hajanisaidia, kwa maana nyeupe ndogo ni nyingi.

Kama ulipewa dawa ya kuzuia kifafa, usiiache eti kwa sababu hujaanguka. Huenda hujaanguka kwa sababu unaimeza. Waliotolewa uvimbe mara nyingi hupewa deksamethasoni, nayo hupunguzwa kidogo kidogo. Mwili ulioizoea huwa umeacha kutengeneza homoni yake, hivyo ukiikatiza ghafla unaweza hata kuzirai. Na ikiwa hapo awali ulikuwa ukimeza aspirini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, uliza ni lini utairudia. Usijianzishie, wala usiiache moja kwa moja bila kuuliza, kwa kuwa huenda moyo wako unaihitaji.

Uliza pia yale ambayo watu huona haya kuuliza: pombe, kulala na mwenzio, kurudi kazini. Kuhusu gari, usishike usukani hadi daktari akuruhusu, hata kama ni kwenda dukani tu.

Kuna dalili zisizongoja tarehe. Nazo ni kichwa kinachozidi kuuma huku ukitapika, usingizi mzito usio wa kawaida, kifafa, ulimi kuwa mzito, mkono au mguu kulegea, homa pamoja na shingo kukakamaa, au maji maangavu yanayotoka kwenye kidonda. Ukipata mojawapo, upelekwe hospitalini usiku huo huo, hata kama kliniki ni kesho asubuhi.