Wakala wa Changamwe Husemewa na Nani?

Jioni moja ya mwisho wa mwezi nilipiga foleni mbele ya kibanda cha wakala wa pesa za simu, hatua chache kutoka raundabauti ya Changamwe. Malori ya makontena yalikuwa yakinguruma kuelekea Magongo, vumbi limetanda, na watu waliotoka zamu bandarini wamejipanga, kila mmoja na simu yake mkononi. Nilipofika dirishani, mama mwenye kibanda alitikisa kichwa.

"Pole, Mwalimu. Keshi imeniishia. Kuna floti tu kwenye simu, nayo haikufai."

Kisha akanitupia swali ambalo sijalipatia jibu hadi leo: "Nyinyi mnaoandika magazetini, hebu niambieni. Wakubwa wakikutana Nairobi kupanga mambo ya malipo, sisi husemewa na nani?"

Nilimjibu kwa mzaha nikaenda zangu. Lakini msomaji, mzaha haukuwa mahali pake.

Kila wenye mali nchini wana chama cha kuwasemea. Mabenki yana Chama cha Mabenki cha Kenya tangu 1962. Wakopeshaji wa kwenye simu waliunda chao mwaka 2019, sheria ya kuwadhibiti ilipokuwa ikinukia. Kampuni za malipo zisizo mabenki nazo zina majukwaa yao, hapa kwetu na ng'ambo. Vyama hivi huajiri mawakili na wachumi, husoma miswada kabla wino haujakauka, na huketi mbele ya kamati za Bunge wakiwa na hoja zilizopigwa chapa. Silaumu. Katika kifungu cha 118, Katiba ya 2010 inalitaka Bunge liwashirikishe wananchi katika kazi zake, na mwenye kampuni naye ni mwananchi. Kubisha hodi si kosa. Kinachonikera ni kwamba mlango huo huo humfungukia mmoja na kumbana mwingine vidole.

Chukua mfano wa M-Pesa. Kabla ya Machi 2007, mchukuzi wa Kipevu aliyetaka kumpelekea mamaye shilingi mia tano alikuwa na njia mbili tatu: hawala ya Posta, bahasha kwa utingo wa basi la usiku, au jirani anayesafiri ambaye, kwa bahati mbaya, aghalabu alikumbwa na dharura njiani. Ikaja huduma ya kutuma pesa kwa simu, ikaendeshwa na kampuni isiyo benki, na Benki Kuu ikaiachia ijaribiwe kwa barua ya kutokuwa na pingamizi, maana sheria mahsusi haikuwapo. Haukupita muda mrefu. Mnamo Desemba 2008 kaimu Waziri wa Fedha, marehemu John Michuki, akatangaza hadharani wasiwasi wake kuhusu mwisho wa jambo lile na kuagiza ukaguzi. Ilielezwa wakati ule kwamba mabenki makubwa ndiyo yaliyokuwa yakimnong'oneza. Kampuni nayo haikulala, na Benki Kuu ikatoa hesabu zake. Januari 2009 serikali ikatangaza kwamba huduma ile ni salama. Hatimaye ikaja Sheria ya Mfumo wa Kitaifa wa Malipo ya 2011, na kanuni zake mwaka 2014, zikawapa wasio mabenki mahali pao rasmi.

Hivyo ndivyo wakubwa wanavyoteta: kwa barua, ukaguzi na taarifa kwa magazeti. Hakuna aliyelala korokoroni.

Sasa njoo nami hadi Bangladesh, kijiji cha mabanda kule Mikindani, sehemu iliyokuwa katika eneo bunge la Changamwe kabla ya Jomvu kumegwa mwaka 2013. Mwezi Mei mwaka huo huo, wafanyabiashara wadogo wa pale walianzisha vocha waliyoiita Bangla-Pesa, wakisaidiwa na Mmarekani Will Ruddick. Wazo lenyewe lilikuwa jepesi. Muuza mboga ana sukumawiki itakayonyauka ifikapo jioni. Mwendesha bodaboda ana kiti kitupu. Fundi cherehani ana mikono isiyo na kazi. Wote wana kitu cha kuuza, na wote hawana shilingi. Basi kila mwanachama, baada ya kudhaminiwa na wenzake wanne, alipewa vocha za kubadilishana na majirani zake, ili shilingi chache alizo nazo azitunzie karo na kodi ya nyumba. Vocha hazikuweza kubadilishwa kwa noti za Benki Kuu, na nje ya kijiji hazikuwa na thamani.

Mwishoni mwa Mei, kabla hata mwezi haujatimia, watu sita walikuwa wamekamatwa, Ruddick mwenyewe na wanakijiji watano. Wakafikishwa mahakamani kwa mashtaka ya karatasi zinazofanana na pesa. Hata uvumi ukaenezwa kwamba vocha zile zilikuwa na uhusiano na Mombasa Republican Council, kundi lililodai Pwani ijitenge. Vocha za sukumawiki! Mwezi Agosti kiongozi wa mashtaka ya umma akaiondoa kesi.

Sisemi kwamba Benki Kuu haikuwa na haki ya kuuliza. Pesa ni jambo la kuchungwa, na matapeli tunao tele. Nasema tu kwamba M-Pesa ilipotiliwa shaka ililetewa wakaguzi, ilhali Bangla-Pesa ililetewa askari. Tofauti yao haikuwa ukubwa wa hatari. Huduma moja ilikuwa na mamilioni ya wateja na nyingine haikufikisha hata wafanyabiashara mia tatu. Tofauti ilikuwa kwamba wa Bangladesh hawakuwa na mtu wa kupiga simu Nairobi asubuhi ile.

Utetezi wa wakubwa, nakiri, huweza kumfaa mdogo. Uingereza, kampuni za malipo zisizo mabenki zilikuwa kwa muda mrefu zikipitia mgongoni mwa mabenki ambayo ndiyo washindani wao, hadi Benki Kuu ya nchi hiyo ilipozifungulia mlango mwaka 2017. TransferWise ikawa ya kwanza kuingia mwaka uliofuata, na gharama za wateja zikapata nafasi ya kushuka. Hapa kwetu, Airtel ilipolalamika kwa Mamlaka ya Ushindani kwamba mawakala wamefungiwa na kampuni moja, Safaricom iliwaachilia mwezi Julai 2014. Tangu hapo mama wa kibanda anaweza kutundika mabango mawili. Hakuwa yeye aliyelalamika. Alinufaika kwa sababu siku ile masilahi yake na ya kampuni yalikuwa yakipitia njia moja.

Je, njia zikiachana? Wakala hulipwa kamisheni mteja anapoweka au kutoa keshi. Mteja akilipa moja kwa moja kwa simu dukani, kwenye matatu au hospitalini, kampuni ina chake, lakini wakala hana lake. Kadiri malipo yanavyozidi kwenda bila keshi, kibanda kinazidi kupwaya, ilhali kodi ya kibanda iko pale pale na majambazi wa jioni wako pale pale. Mkakati wa Kitaifa wa Malipo uliozinduliwa Februari 2022 unaelekea huko, na pengine ni kuzuri. Hata hivyo, gharama ya safari hiyo itamwangukia nani, nani aliulizwa?

Hali ni hiyo hiyo katika ushuru. Ushuru wa bidhaa juu ya ada za kutuma pesa ulianza kwa asilimia 10 mwaka 2013, ukapanda hadi 12 mwaka 2018, kisha 15 mwaka 2023. Mswada wa Fedha wa 2024 ulitaka asilimia 20. Vyama vikapeleka nyaraka zao, vijana wakaenda barabarani, na mnamo Juni 18 pendekezo hilo likaondolewa. Wiki moja baadaye mswada wenyewe ukaanguka. Waliomwaga damu hawakuwa wenye nyaraka.

Ninapendekeza mambo mawili. Benki Kuu na Kamati ya Fedha zichapishe kila waraka zinaopokea kuhusu malipo, kwa jina la aliyeuleta, tuone nani aliomba nini. Na vikao vya kusikiliza maoni vifanyike pia Changamwe, kwa Kiswahili, jioni baada ya zamu.

Wiki iliyopita nilirudi kibandani. Keshi ilikuwapo. Nilimweleza mama habari za kifungu cha 118, naye akasikiliza huku akihesabu noti za mia mbili.

"Sasa hiyo barua huandikwaje, Mwalimu?"

Nikamwomba karatasi. Akachana ukurasa wa nyuma wa daftari analotia sahihi wateja, tukaanza na tarehe.