Pua inauma, jicho inazimika: tusingojee

Wazazi na ndugu munaofanya kazi ku migodi na ku mafabriki ya Likasi, leo tunazungumuzia ugonjwa wa pua unaoweza kuleta upofu.

Wakati wa kiangazi vumbi haiishi kwetu. Pua inaziba, kichwa inauma, na tunasema: "Ni vumbi tu, itapita." Mara nyingi inapita kweli. Lakini si kila mara.

Ndani ya mifupa ya uso muko vyumba vya hewa, jozi 4. Waganga wanaviita sinusi. Vile vya nyuma kabisa viko karibu sana na mushipa unaopeleka picha toka jicho mpaka ku ubongo. Kwa watu wengi, mufupa unaovitenga haufiki hata nusu milimita. Kwa wengine haupo kabisa. Usaha ikijaa mule, ao uvimbe ikikua polepole, mushipa unabanwa. Jicho kwa inje inaweza kuonekana nzima, lakini giza inaingia. Njo maana miwani haisaidie, na dawa ya matone haisaidie.

Tena vyumba hivi vya nyuma vinaweza kugonjwa bila kamasi kutoka. Tuangalie alama hizi: kichwa kuuma nyuma ya macho ao katikati ya utosi, jicho kuuma ukiigeuza, kuona vitu mbili mbili, kope kuanguka, jicho kusukumwa inje. Mutoto mwenye mafua na homa, jicho ikivimba, asilale nyumbani.

Kuna kipimo cha bure. Funga jicho moja, angalia kitambaa chekundu. Kisha fanya vile na jicho ingine. Kama ku upande moja rangi imefifia, usiseme ni uchovu wa kazi.

Uende ku hospitali siku ileile, si ku farmasi. Uliza munganga waziwazi: "Inaweza kuwa sinusi?" Mara nyingi skana njo inaonyesha. Lubumbashi, kilometa 120 hivi toka kwetu, kuko hospitali Sendwe na Kliniki za Universite. Wagonjwa wanapewa antibiotiki kwa sindano, na wengine wanapasuliwa kwa kupitia tundu la pua.

Tunajua safari na skana vinaomba feza, na jamaa inapaswa kuchanga. Tuchange mapema. Mushipa ukibanwa siku chache, mara ingine jicho inarudia kuona. Ukikufa, hakuna feza inayoweza kuurudisha.