Ujuzi bila cheti humfungia fundi ngazi ya kazi

JANGA la Covid-19 lilipoingia nchini mwaka wa 2020, mafundi wa kiwanda cha nguo cha Kaunti ya Kitui, KICOTEC, waliozoea kushona sare, walilazimika kujifunza upesi kushona barakoa.

Hali kama hiyo yaweza kumfika mfanyakazi yeyote. Katika kaunti jirani ya Makueni, kiwanda cha Kalamba husindika maembe, tunda lenye msimu wake. Palipo na kazi ya msimu, anayejua jambo moja tu ndiye huwa wa kwanza kurudi nyumbani. Aliyejifunza pia kutunza mitambo au kuweka hesabu za ghala hupata pa kushika.

Hata hivyo, ujuzi pekee hautoshi. Fundi aliyeshona kwa miaka 10 bila cheti aweza kupitwa na kijana aliyehitimu juzi, kwani mwajiri mpya hana kipimo cha uzoefu wake.

Kipimo hicho kipo. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani (NITA) huwatahini mafundi katika kazi zao, hata wale waliojifunzia kazini bila kuingia chuoni. Mtahiniwa huanza na daraja la tatu, kisha la pili, na hatimaye la kwanza, ambalo ndilo la juu.

Kwa hivyo, fundi asingoje kufutwa kazi ndipo atafute cheti. Wahenga walinena: usipoziba ufa, utajenga ukuta.