NAKALA MOJA HAITOSHI

Tarehe 1 Mei 2013, siku yetu ya Wafanyakazi, Mto Nyamwamba ulifurika ukavamia Kilembe na mji wa Kasese. Mwezi Mei 2020 ulifurika tena, na hospitali ya Kilembe ikaharibiwa vibaya. Maji hayachagui: hubeba kitanda, hubeba na kompyuta.

Siku hizi orodha ya wanachama, michango, saa za ziada na barua za madai huwekwa katika kompyuta. Zikipotea, mwenzetu anayedai haki yake atatoa ushahidi gani? Wala si lazima mto ufurike. Umeme kukatika ghafla, virusi au mwizi mmoja anatosha.

Kwa hiyo kila tawi liwe na nakala tatu: ya kwanza ndani ya kompyuta, ya pili katika diski ya nje, ichomolewe kila kazi inapokwisha ili virusi visiifikie, ya tatu katika mji mwingine, ikifungwa kwa neno la siri. Pale Kikorongo barabara hugawanyika, moja ikielekea Kasese, nyingine Bwera. Nakala zetu nazo ziachane vivyo hivyo. Ya Kasese ikizama, ya Bwera itabaki.

Kazi hii ifanywe kila Ijumaa, na mtu mmoja apewe dhamana. Kila mwezi nakala zifunguliwe, zisomwe. Nakala isiyofunguka si nakala.

Ndugu, tawi lako lilinakili lini mara ya mwisho?